Mume ana VVU, mke hana, na wana watoto wawili. Ni nini kinachomzuia kirusi mlangoni kwa mwanamke?

#1 Mwanaujiji
Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu yuko Katonga, ameolewa miaka sita, ana watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano, mdogo miwili na nusu. Shemeji ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana alisumbuliwa na kikohozi, akapimwa, akakutwa na VVU. Mdogo wangu akapimwa siku hiyo hiyo: hana. Baada ya miezi mitatu: hana. Miezi sita: hana. Watoto nao hawana. Kabla ya hapo hawakuwahi kutumia kondomu hata siku moja.

Sasa maneno yamekuwa mengi upande wa mume. Wengine wanasema ana damu ya group O. Wengine wanasema alizindikwa kwao kabla ya kuolewa. Kuna mama mmoja wa ukoo anasema kipimo kinamficha, kwamba ugonjwa ameuleta yeye. Mdogo wangu analia usiku. Kutokuwa na ugonjwa kumegeuka kesi ya kujibu.

Nesi mmoja alimwambia kwa kupita tu kwamba mwili wa mwanamke una ulinzi wake wa kuzaliwa nao huko chini. Hakufafanua, foleni ilikuwa ndefu. Naomba wenye ujuzi: huo ulinzi ni nini hasa? Unafanyaje kazi kabla mwili haujatengeneza kingamwili? Na mbona kwa wengine unashindwa mapema?

Matusi sitaki, nawaomba.

#2 Kijana wa Gungu
Group O hiyo mbona iko wazi, mkuu. Mtaani kwetu watu watatu wa group O wameishi na wenza wenye virusi na hawajapata kitu.

#3 Nesi Mstaafu
Mwanaujiji, pole mwanangu, na umpe pole mdogo wako.

Kijana wa Gungu, hilo la group O nimelisikia tangu nilipoanza kazi na si kweli. Group ya damu inahusu alama zilizo juu ya seli nyekundu, na VVU hawaingii kwenye seli nyekundu. Wanatafuta seli nyeupe zenye alama ya CD4. Nimewaandikisha kliniki watu wa group O wengi kupita unavyofikiri. Mdogo wangu, usiseme hivyo mbele ya vijana wenzako, mtu atakuamini na atapotea.

Kuhusu swali, jambo la kwanza ni ngozi. Ukeni kuna ukuta wa tabaka nyingi za seli bapa zilizopangana kama makuti, na zile za juu kabisa zimeshakufa na zinabanduka kila siku. Kirusi kikitua pale kimetua juu ya maiti, hakina pa kuingia. Seli ile ikibanduka, kirusi nacho hutoka nayo. Shida ni huko ndani, kwenye mfereji wa mlango wa kizazi na mji wa mimba wenyewe, kwani huko ni safu moja tu ya seli. Ndiyo maana pale tabaka nyingi zinapokutana na safu moja ndipo virusi vya HPV, vile vya saratani ya mlango wa kizazi, hupapenda. Kwa wasichana wadogo eneo hilo la safu moja huwa limejitokeza nje zaidi, na ni sababu mojawapo ya wao kuambukizwa kwa urahisi kuliko mama zao.

#4 Mwalimu wa Bios
Shikamoo mama Nesi. Naongezea pale ulipoishia.

Juu ya huo ukuta kuna ute, na kwenye ute kuna bakteria walinzi, laktobasili. Homoni ya estrojeni huzifanya seli za ukeni zihifadhi glaikojeni, ambayo ni akiba ya sukari. Seli zikibanduka, sukari ile inavunjwa, laktobasili wanaila na kutoa asidi ya laktiki. Asidi inapanda, yaani pH inashuka hadi kama 3.8 hadi 4.5, karibu na ya maziwa ya mgando. Maabara imeonyesha asidi hiyo inawaua VVU ikiwa na nguvu ya kutosha. Ute nao hunasa virusi. Kuna laktobasili aina ya crispatus ambao ute wao huwakwamisha VVU wasitembee, na kuna iners ambao ni walinzi dhaifu.

Hapo hakuna kingamwili hata kimoja kilichotengenezwa. Ni boma, handaki la asidi, na matope ya kunasa miguu. Mtoto wa kike anapozaliwa ana ramani yake tayari.

#5 Mama Migebuka
Mwalimu, umenikumbusha kitu. Sisi tulipochezwa ngoma tulifundishwa kujisafisha kwa vidole na sabuni mpaka ndani, asubuhi na jioni, na ndimu siku ambazo mume anarudi ziwani. Nimefanya hivyo miaka kumi na nane. Niliugua uchafu na harufu karibu kila mwezi, nikawa naongeza sabuni. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nafukuza walinzi wangu mwenyewe. Hospitali moja niliyokwenda walinipa vidonge mara tano na hawakuniuliza hata siku moja najisafishaje.

Nimeacha mwaka wa tatu sasa. Maji tu, nje tu. Harufu imekwisha.

#6 Nesi Mstaafu
Mama Migebuka, asante kwa kusema hadharani, maana wengi wanaficha. Hiyo hali tunaiita mvurugiko wa bakteria ukeni. Laktobasili wanapungua, akina Gardnerella wanatawala, asidi inapotea, inatokea harufu ya shombo. Si uzinzi na si uchafu wa mtu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha wanawake wenye hali hiyo wana hatari ya kupata VVU iliyo juu kwa kama asilimia 60.

Na ndimu inaunguza. Ndimu yenye nguvu ya kuua kirusi ina nguvu ya kuua ukuta vilevile. Shabu na ugoro ndiyo usiseme.

#7 Fundi Boti
Shombo tena? Kigoma nzima tunanukia migebuka, dada zetu mtawapimaje 😀

#8 Mama Migebuka
Fundi, ya migebuka inaondoka kwa kuoga. Ile nyingine mtu analia nayo chumbani. Usiichezee.

#9 Fundi Boti
Nisamehe dada yangu. Nimekuelewa.

#10 Dk Mtarajiwa
Mko vizuri, ila naona mmeishia nje ya nyumba. Mimi niko mwaka wa nne udaktari, mtoto wa Mwanga. Ngoja nifungue mlango.

Tuseme kirusi kimevuka asidi na ute, kimefika kwenye seli hai. Seli zile zina vipokezi vya kunusa. Kimoja kinaitwa TLR3, kazi yake kunusa RNA (maandishi ya urithi) ya nyuzi mbili, ambayo binadamu hatuna kwa kawaida hivyo ikionekana ni ya mgeni. TLR7 inanusa RNA ya uzi mmoja, TLR9 inanusa DNA za kigeni. Kikinusa tu, seli inatoa interferoni. Hiyo iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Interferoni haimpigi kirusi yenyewe. Inakwenda kwa majirani na kuwaambia wafunge milango, na majirani wanawasha protini za kuzuia. APOBEC3G inaharibu maandishi ya kirusi wakati kinajinakili. Tetherini inavifunga virusi vipya kwenye ukuta wa seli visiondoke, kama mtumbwi uliofungwa kamba kwenye gati la Kibirizi: umejaa mzigo lakini hauendi popote.

VVU navyo si wajinga. Vina protini iitwayo Vif ya kumwondoa APOBEC3G, na Vpu ya kumkata tetherini kamba. Kwa hiyo ni mbio. Ulinzi wa asili ukitangulia kwa saa chache, kirusi kinazimika pale pale na mwenye mwili hajui kitu.

Sasa kilichonifanya niingie kwenye uzi huu: kuna interferoni moja inaitwa epsiloni. Interferoni nyingine husubiri adui aonekane. Epsiloni iko muda wote kwenye njia ya uzazi ya mwanamke, adui awepo asiwepo. Watafiti wa Australia walichapisha habari hiyo mwaka 2013. Panya jike walionyang'anywa jeni yake waliugua malengelenge ya ukeni na klamidia vibaya kuliko wenzao. Na haiongozwi na virusi, inaongozwa na homoni. Estrojeni inaipandisha. Nusu ya pili ya mzunguko, projesteroni inapotawala, inashuka. Baada ya hedhi kukoma kabisa inakuwa kidogo sana.

Jibu langu kwa Mwanaujiji: mdogo wako inawezekana kabisa epsiloni yake iko juu.

#11 Mwanaujiji
Dk, Mungu akubariki. Nimeisoma mara tatu. Hiyo ya kamba gatini nimemsomea mdogo wangu kwa simu, amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

#12 Mzee wa Reli
Mimi si daktari, nilikuwa fundi wa reli hapa stesheni. Ila nina swali la kawaida. Mmejuaje huyo bwana ameupata lini? Mnahesabu miaka sita ya ndoa kana kwamba ameishi nao miaka sita. Huenda ameupata miezi minne kabla ya kupimwa. Mvuvi wa dagaa halali nyumbani. Anakwenda giza, anarudi mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa. Kwa mwezi mzima huyo mke anamwona siku ngapi? Saba? Nane?

Kabla ya interferoni, hesabuni siku.

#13 Nesi Mstaafu
Mzee wa Reli umesema jambo zito. Makadirio yanayokubalika ni kwamba mwanamke akilala mara moja na mwanaume mwenye VVU asiyetumia dawa, nafasi ya kuambukizwa ni kama 8 kwa kila 10,000. Hiyo ni wastani. Mwanaume akiwa ameambukizwa karibuni, virusi vimejaa damuni, inapanda sana. Kukiwa na vidonda inapanda. Wako walioambukizwa mara ya kwanza kabisa na nimewashika mikono. Nasema hivyo asije mtu akaona 8 kwa 10,000 akadhani amepewa ruhusa.

Halafu kuna wingi wa virusi. Kule Rakai, Uganda, walifuatilia wenza 415 ambapo mmoja ana VVU na mwingine hana. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Kwa wale waliokuwa na virusi chini ya 1,500 kwa mililita ya damu, hakuna mwenza hata mmoja aliyeambukizwa. Kuna watu ambao miili yao huvishusha virusi yenyewe kwa miaka. Pengine kinga tunayoitafuta kwa mke iko kwa mume.

#14 Mwalimu wa Bios
Mzee wa Reli, umeniamsha usingizini. Ngoja niunganishe hoja yako na ya Dk.

Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Mzunguko wa hedhi wa mfano ni siku 28. Mvuvi anarudi mbalamwezi. Kwa hiyo kila anaporudi, mke yuko karibu siku ile ile ya mzunguko wake, imesogea mbele siku moja na nusu tu. Kama mwezi huu amerudi mke yuko siku ya nane, mwezi ujao atamkuta siku ya tisa na nusu, kisha ya kumi na moja. Ili avuke kutoka nusu moja ya mzunguko kwenda nyingine inahitaji miezi tisa hivi.

Kuna watafiti wa Marekani waliopendekeza kwamba kinga ya njia ya uzazi hulegea siku saba hadi kumi baada ya yai kutoka, ili mwili usimshambulie mtoto kama mimba imetunga. Wameita dirisha la hatari. Mkilinganisha na epsiloni ya Dk, inaelekea huko huko. Basi mvuvi aliyeambukizwa, tuseme, miezi minane kabla ya kupimwa, anaweza kuwa amekuja nyumbani mara zote hizo nje ya dirisha. Ziwa na mwezi vimempangia ratiba.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hesabu inaruhusu.

#15 Kijana wa Gungu
Mwalimu hii ungetufundisha kidato cha tatu nisingekimbia bios 🙌🏾

#16 Binti Kasulu
Mwalimu, hesabu nzuri, ila wanawake tunajua miili yetu. Siku 28 iko kwenye vitabu. Mimi mwezi mmoja 26, mwingine 33, nikisafiri au nikifunga inabadilika. Ratiba ya mwezi wa angani itanishikaje?

Na kuna jambo hamjaliona. Ana watoto wawili. Kwa hiyo angalau mara mbili shemeji alikuwa nyumbani siku za yai. Siku zile ute wa mlango wa kizazi unakuwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai la kuku, makusudi ili mbegu zipite. Kama mbegu inapita, kirusi kinashindwaje? Dk anasema estrojeni iko juu na epsiloni iko juu, mimi nasema mlango uko wazi. Nani mshindi hapo?

Tena shahawa zenyewe si asidi. Zikimwagika zinaipoza ile asidi ya Mwalimu kwa saa kadhaa. Hilo handaki lenu linajazwa mchanga wakati ule ule adui anapofika.

#17 Dk Mtarajiwa
Binti Kasulu, hapo umenibana kweli. Hoja ya shahawa ni sahihi, na ndiyo maana kutegemea asidi peke yake hakutoshi. Kuhusu ute mwepesi, mbegu ina mkia, inaogelea. Kirusi hakina mkia, kinaelea tu na kunaswa. Lakini sikatai kwamba ute mwepesi ni kizuizi hafifu kuliko ule mzito wa projesteroni. Kila nusu ya mzunguko ina kinachofungwa na kinachofunguliwa.

#18 Asali ya Urambo
Wana Kigoma mmejisahau, Tabora tupo. Mie niko Urambo, nafuga nyuki na ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kuna sababu moja hamjaitaja na huku kwetu ndiyo inayotutesa: kichocho cha mkojo. Watu wanadhani kichocho kinaishia kwenye kibofu. Mayai yake yanakwama hadi kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, yanafanya vidonda na punje za rangi ya mchanga, na mishipa midogo inayovuja damu ukiigusa. Hapo boma la mama Nesi lina matundu. Tena mwili unapeleka seli nyingi za kinga kwenda kuyazunguka mayai, na nyingi ni za CD4, zile zile kirusi anazozitafuta. Wasichana wengi wenye hali hiyo wanaambiwa wana magonjwa ya zinaa na kupewa dawa zisizohusika. Yupo mmoja kijijini alipigwa na baba yake kwa ajili hiyo. Alikuwa anacheza bwawani tu tangu mdogo.

Mdogo wa Mwanaujiji amekulia wapi? Kwa kadiri ninavyojua, kichocho cha Ziwa Tanganyika upande wenu ni kile cha tumbo. Kama hakuwahi kuishi penye kile cha mkojo, huenda ukuta wake haukuwahi kutobolewa, na hiyo ni kinga tosha.

#19 Mwanaujiji
Asali, amekulia Ujiji, shule amesoma hapa hapa. Hajawahi kutoka mkoani.

#20 Mawese Halisi
Mnazunguka sana. Majengo, Nairobi, kuna wanawake wanaouza miili waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980. Baadhi yao walikaa miaka na miaka bila kuambukizwa, ilhali wenzao karibu wote waliambukizwa. Kwa hiyo kuna watu wana kinga ya kuzaliwa nayo, basi. Dada huyo ni mmojawapo. Kwa nini ateswe na dawa wala kondomu?

#21 Nesi Mstaafu
Mawese, simama hapo hapo. Nusu ya kwanza ni kweli, hitimisho lako ni la hatari.

Wanawake wale wa Majengo wapo, na walisaidia dunia nzima kujifunza. Kwenye majimaji ya ukeni mwao walikutwa na kiwango kikubwa cha protini iitwayo elafini, moja ya silaha za kuzaliwa nazo. Lakini baadhi ya wale wale waliohesabiwa kuwa sugu, walipopunguza au kuacha kazi hiyo kwa muda, baadaye walikutwa na VVU. Kinga ile ilikuwepo na bado mlango ulifunguka. Tafadhali usimwambie binti wa watu aache kujilinda.

#22 Mawese Halisi
Hilo la baadaye kuambukizwa sikulijua, mama. Nafuta sentensi ya mwisho.

#23 Dk Mtarajiwa
Mama Nesi, nakazia Majengo, maana kuna funzo linalopindua hata maelezo yangu ya #10.

Tunapenda kufikiri kinga kali ndiyo kinga nzuri. Wanawake wale waliposomwa zaidi, seli za kinga kwenye njia yao ya uzazi zilionekana zimetulia kuliko za wengine. Hazikuwa zimechangamka. Ukifikiri inaeleweka: kirusi hiki kinakula seli za CD4 zilizoamka. Kengele ikipigwa kwa nguvu, askari wanakuja mbio, na askari ndio chakula chenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwapaka nyani jike aina ya makaku ukeni kemikali inayonyamazisha kengele hiyo, na wakawazuia wasiambukizwe kirusi cha nyani kinachofanana na VVU. Kupunguza kelele kuliwaokoa.

Na ndiyo maana gel ya nonoxynol-9, iliyokuwa inaua VVU vizuri kwenye chupa, ilipojaribiwa kwa wanawake iliongeza maambukizi badala ya kupunguza. Iliwasha ukuta. Mama Migebuka, ni habari ile ile ya sabuni yako.

Kwa hiyo elafini inasifiwa kwa mawili, inapunguza kirusi na inapoza uvimbe. Kuna na seli za kinga ziitwazo Langerhans kwenye tabaka za juu, zina kijiko kinaitwa langerini. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2007 walionyesha kijiko hicho hukamata VVU na kukitupa kwenye vifuko vya kukisagia, kimya kimya. Ila virusi vikizidi wingi, seli hizo hizo zinaweza kuvibeba kuvipeleka kwa CD4.

#24 Kijana wa Gungu
Sasa Dk, #10 unasema seli zipige kengele haraka, #23 unasema kengele ndiyo hatari. Tushike lipi?

#25 Dk Mtarajiwa
Yote mawili yana ushahidi. Interferoni kwa majirani wa karibu, mapema, ni nzuri. Kuita jeshi zima ni hatari. Mpaka uko wapi kati ya hayo, ndipo mabingwa wenyewe wanapobishana.

#26 Mama Migebuka
Naomba kuuliza kwa niaba ya wengi. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu ina projesteroni, si ndiyo? Kama projesteroni inashusha hiyo epsiloni, sisi tunaochoma sindano tumekwisha?

#27 Nesi Mstaafu
Swali hili lilisumbua dunia zaidi ya miaka ishirini, mama. Tafiti za zamani zilitofautiana. Mwishowe ukafanyika utafiti mkubwa, matokeo mwaka 2019, wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Kenya, Zambia na Eswatini. Wengine walipewa sindano, wengine kitanzi, wengine kipandikizi. Maambukizi hayakutofautiana kwa kiasi kikubwa kati ya makundi matatu. Usiache sindano kwa hofu. Lakini makundi yote maambukizi yalikuwa mengi, karibu wanne kwa kila wanawake mia kwa mwaka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano yenyewe.

#28 Binti Kasulu
Basi Mwalimu na Dk, hiyo #27 si inaitikisa hoja ya homoni? Kama sindano yenye projesteroni nyingi haikuongeza sana, dirisha la hatari la wiki moja litaongeza nini?

#29 Mwalimu wa Bios
Inaitikisa, nakiri. Ingawa homoni ya sindano si projesteroni yenyewe ya mwili, ni ya kutengenezwa, na wote kwenye utafiti ule walikuwa na njia fulani. Hakukuwa na kundi la wasiotumia chochote. Siiachii hesabu yangu bado.

#30 Asali ya Urambo
Mwalimu mbishi kama nyuki wa mchana 😀

Nirudi kwenye bakteria, naona tumewapita haraka. Afrika Kusini walijaribu gel ya tenofovir, moja ya dawa za ARV, matokeo mwaka 2010, ikapunguza maambukizi kwa asilimia 39. Baadaye, 2017, ikagundulika kwamba kwa wanawake wenye laktobasili wengi gel ilifanya kazi vizuri, kwa wale waliotawaliwa na Gardnerella ilisaidia kidogo sana. Bakteria wale walikuwa wanakula dawa! Mimi mtaniambia interferoni, elafini, mwezi wa angani, lakini kwangu mlinzi wa kwanza ni yule anayekula sukari na kutoa asidi.

#31 Fundi Boti
Kwa hiyo mtu akila mgando mwingi wa Urambo anawaongeza?

#32 Mwalimu wa Bios
Hapana Fundi. Bakteria wa mgando ni ndugu wa mbali, aina tofauti, hawakai ukeni. Mgando kunywa kwa afya, usipakwe popote.

#33 Mtoto wa Bangwe
Mama yangu ana miaka 61, amepimwa kwa siki mlango wa kizazi akakutwa hana tatizo, ila ana ukavu na muwasho. Mmesema estrojeni ikishuka ukuta unakuwaje?

#34 Nesi Mstaafu
Unakuwa mwembamba, sukari inapungua, laktobasili wanapungua, asidi inapotea. Ndiyo maana wakinamama wa umri huo hawajamaliza hatari kama wanavyodhani. Mpeleke akaonwe, kuna krimu. Na kama una binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV siku hizi ni dozi moja. Ushahidi mmojawapo ulitoka hapa hapa nchini, Mwanza, kwa wasichana 930. HPV anajua kunyamazisha interferoni za seli na hatokei kwenye damu, kwa hiyo ulinzi wa kuzaliwa nao mara nyingine haumwoni kabisa.

#35 Mzee wa Reli
Wanangu, nimesoma yote. Mmetoa sababu nyingi na zote naona zina uzito. Lakini turudi kwa binti wa Katonga. Hata mkijua ni ipi, yule mama wa ukoo atasema nini? Hoja yake ni kwamba kipimo kinaficha.

#36 Nesi Mstaafu
Hakifichi, mzee wangu. Kipindi ambacho kipimo cha kingamwili kinaweza kisione ni hadi miezi mitatu. Amepima siku ya kwanza, miezi mitatu, miezi sita. Na huyo mama wa ukoo aambiwe kwamba wenza wa namna hii ni wengi, wana hata jina kliniki, na utaratibu wao upo: mume anywe ARV hadi virusi visionekane, mke apewe PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU, mpaka hapo, kondomu, kupima tena. Mwaka 2011 utafiti wa nchi tisa ulionyesha mume au mke akianza ARV mapema, maambukizi kwa mwenza yanapungua kwa asilimia 96. Mwanaujiji, kama familia itakubali, niko tayari kufika Katonga nikae nao. Niandikie pembeni.

#37 Mwanaujiji
Mama, nimekuandikia. Asanteni wote, kila mmoja.

Nimekaa na mdogo wangu jana nikamsomea uzi kutoka mwanzo. Alipofika kwenye mabishano ya Binti Kasulu na Mwalimu akaniambia, "Kumbe hawajui wote." Nilidhani amekata tamaa, kumbe amefarijika. Anasema kwa mwaka mzima kila mtu nyumbani alikuwa na uhakika juu ya mwili wake isipokuwa yeye. Ameanza PrEP wiki mbili zilizopita. Shemeji anameza dawa zake, kipimo cha wingi wa virusi kitarudi mwezi ujao.

Ana swali moja kwa Mwalimu. Mzunguko wake si 28, ni 31, na hauyumbi. Shemeji anarudi keshokutwa, mbalamwezi inaanza. Hesabu inakuwaje?

#38 Mwalimu wa Bios
Ikiwa ni 31 inageuka. Kila mwezi anamkuta nyuma siku moja na nusu badala ya mbele. Kama mwaka jana Januari alimkuta siku ya 20, Februari ilikuwa ya 18 na nusu, Machi ya 17, na kuendelea kurudi nyuma. Mwambie anipe tarehe za hedhi za mwaka jana kama aliziandika, nami nitatafuta mbalamwezi zote kwenye kalenda. Nikikosea, Binti Kasulu yupo.

#39 Binti Kasulu
Nipo. Na anipe na joto la asubuhi na siku za ute, tarehe peke yake hazinitoshi.